Mnyororo Uliokatika Sekenke

Ngulyati,
S.L.P. ya Parokia, Bariadi
14 Mei 1995

Mpendwa mdogo wangu Ngusa,

Mwadila. Najua barua yangu ya mwisho ilikuwa ya Krismasi ya mwaka juzi, kwa hiyo usianze kunisuta. Wewe mwenyewe uliijibu Pasaka. Huku wote wazima. Mayu, mama yetu, yupo, anakula vizuri, anagombana na kuku na wakwe zake kwa zamu. Macho ndiyo yameanza kumchezea. Wakati mwingine ananiita kwa jina la marehemu baba, halafu anajicheka mwenyewe. Mke wangu Apolonia anakusalimu. Binti yangu Debora amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina la Mayu, Nyamizi. Pamba imezaa kiasi, na wiki hii tumeanza kuchuma.

Habari nyingine huenda umeshaisikia. Kiwandani wametupunguza. Walitupanga mstari kwenye uwanja wa kupimia pamba, bwana mmoja kutoka mjini akasoma majina, na langu lilikuwa la nne. Miaka ishirini na miwili kwenye mashine za kuchambua pamba, nikapewa mkono na karatasi. Wanasema pamba haitoshi tena kwa sababu watu binafsi wameruhusiwa kununua. Kila wiki linapita lori la mnunuzi mpya, na kila mmoja ana mzani wake. Mitumba nayo imejaa gulioni, mpaka mzee Masunga, yule jirani yetu, anavaa koti la mwanamke wa Ulaya bila kujua, na hakuna aliye tayari kumwambia.

Kiinua mgongo nimekitumia kuezeka nyumba ya Mayu kwa bati na kununua baiskeli mpya ya Kichina. Sasa nakuja kwenye neno lenyewe. Nataka kuja kwako kwa baiskeli hiyo, peke yangu, kutoka hapa mpaka Misigiri, na mlima Sekenke niupande kwa miguu yangu hii hii. Usiniulize kwa nini nisipande basi. Nina miaka arobaini na minane, sina bosi, na mapaja bado yapo.

Tangu mwaka ule wa mashindano ya baiskeli, Ngusa, tangu mnyororo uliponikatikia mlimani na watu wa hapa wakasema mikono yako iliyoufunga ina nuksi, hujakanyaga Ngulyati. Ni miaka ishirini na mmoja sasa. Hata baba tulimzika bila wewe. Na Mayu, kila basi la Shinyanga likipiga honi barabarani hugeuza shingo. Nikifika kwako nitakuambia neno moja ambalo siwezi kuliandika. Ukishalisikia utaamua mwenyewe kama utarudi nyumbani au la.

Nijibu upesi. Mwambie shemeji Felisita kwamba nakuja na njaa.

Ni mimi kaka yako,
Shigela


Misigiri, Iramba
18 Juni 1995

Kaka Shigela,

Shikamoo. Barua yako imenifikia juzi. Ilikwenda Singida ikalala huko, bahasha imeandikwa na kufutwa mara mbili. Tumefurahi kusikia Mayu ana nguvu za kugombana. Hapa hatujambo. Alizeti ya Felisita imekomaa vizuri, na mwanetu Thomasi yuko Singida mjini anajifunza useremala. Mpe Debora hongera.

Pole kwa kazi. Mimi kazi ninayo, tena siku hizi nyingi. Tangu biashara ifunguliwe malori yameongezeka. Yanayoshuka Sekenke yananuka breki mpaka Shelui, na yanayopanda yanafika hapa kwangu yanachemka. Kwa hiyo natengeneza baiskeli asubuhi na rejeta mchana.

Kuhusu safari, wewe ni mkubwa wangu na siwezi kukukataza. Nakuambia tu yanayohusu chombo. Mbuga ya Wembere, ukitoka Igunga, haina kivuli wala maji, ivuke mapema. Usijaze upepo sana, jua la pale linapasua tyubu. Beba viraka, gundi na pampu yako mwenyewe, usitegemee ya mtu. Shelui ulale, mlima uuanze na baridi. Mnyororo wa Kichina ukague kwa mikono yako. Usimpe mtu akukagulie.

Hilo neno usiloweza kuliandika, mimi sijakuuliza. Kuhusu kurudi Ngulyati sina la kusema kwa sasa.

Hapo chini nilianza kuandika salamu za Mayu nikazikata. Samahani kwa wino.

Mdogo wako,
Ngusa


Ngulyati
9 Julai 1995

Mdogo wangu,

Wabeja kwa barua. Sisi wazima, ila Apolonia alishikwa na malaria wiki iliyopita, sasa ameinuka. Mjukuu ananenepa.

Barua yako ilisomwa uani kama ilivyo desturi ya hapa nyumbani. Debora alisoma, Mayu kwenye kigoda chake, na majirani waliokuwa wanapita wakaketi. Masunga alikuwepo na koti lake. Debora alipofika pale uliposema nisimpe mtu anikagulie mnyororo, Masunga akakohoa na kuanza kutafuta ugoro wake mfukoni. Unakumbuka kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema neno nuksi. Mimi niliangalia chini. Kisha Mayu akaomba asomewe salamu zake, Debora akamwambia zimekatwa. Mayu akamwagiza ainue karatasi kwenye mwanga wa jua. Neno moja tu ndilo lililosomeka, "nyumbani". Mayu akasema linatosha, akaichukua barua, na mpaka leo hajanirudishia.

Wewe ni fundi, unaandika kama mtu anayelipia kila neno. Mimi sikukuuliza habari za pampu.

Najifua kila jioni. Hapa kwetu tambarare, unajua mwenyewe, hakuna mlima wa maana, kwa hiyo napanda na kushuka kile kilima cha mawe nyuma ya shule, na wanafunzi wananihesabia kwa sauti. Safari hii sishuki kwenye tandiko. Ndivyo tulivyofundishwa tulipokuwa vijana wa mashindano: mpanda baiskeli akishuka amekwisha, bora afe amekaa. Mwaka ule baba alichinja dume la ng'ombe kabla sijarudi, akakaribisha watu waje kula ushindi. Nikifumba macho bado naisikia harufu ya ile nyama.

Nitaondoka katikati ya Septemba, pamba ikishauzwa. Mlimani juu nitakuambia lile neno. Nimelibeba muda mrefu mno, Ngusa, limeanza kunila.

Kaka yako,
Shigela


Misigiri
30 Julai 1995

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo.

Usije. Nimefikiri siku nyingi kuhusu barua yako, na Felisita amenichoka. Mlima ule si wa mtu wa umri wako aliyebeba mzigo, na nasema mzigo, sisemi furushi. Malori yanauana pale kila mwezi. Nikikuacha ukafie kwenye kona kwa sababu ya neno, mimi nitaishi vipi?

Nitapanda basi wiki ya kwanza ya Agosti. Nakuja Ngulyati mwenyewe. Utaniambia ukiwa umekaa kwenye kiti.

Mwambie Mayu. Au usimwambie, basi likichelewa atakesha barabarani.

Ngusa


Misigiri, nyumbani kwako
11 Agosti 1995

Mdogo wangu Ngusa,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi lako, ndani ya karakana yako, na wewe bila shaka uko kwenye kiti changu Ngulyati. Felisita amecheka mpaka akaketi chini. Nami nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu tukala. Yeye na Thomasi hawajambo. Kijana amekuja likizo, ana mikono yako.

Barua yako ya kunizuia sikuiona. Mimi nilisema Septemba, lakini Julai ilipokaribia kuisha akaja mnunuzi mgeni na lori lake, akachukua pamba ya kijiji kizima kwa siku mbili. Zamani tungengoja zamu ya chama mpaka mvua. Nikabaki sina kazi, na baiskeli imeegemea ukuta inanitazama. Nikaondoka Alhamisi, tarehe tatu.

Safari ya tambarare sikusimulii sana. Maswa nililala kwa ndugu wa Apolonia, Shinyanga nikalala misheni, Nzega nikapumzika Jumapili na kusali. Jumatatu, kati ya Nzega na Igunga, basi moja lilinipita kwa kasi likanifunika vumbi mpaka meno. Nikalitukana kwa sauti, lenyewe na wote waliokuwemo. Felisita anasema uliondoka Jumatatu alfajiri. Basi nisamehe kwa hilo pia.

Wembere niliivuka mapema kama ulivyoagiza. Shelui nikalala. Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwa mama mmoja wa chai pale chini ya mlima. Alipousikia Usukuma kwenye maneno yangu akaninyang'anya kofia, akasema watani wa tambarare hulipa ushuru hapa. Hakunirudishia mpaka nikanywa kikombe cha pili. Aliuliza kama nimeandika wosia. Nikamwambia nimeandika na nimemrithisha sufuria zake.

Nikaanza kupanda. Nyuma nilikuwa na mchele, michembe ya viazi, na chupa ya samli ambayo Mayu aliifunga mwenyewe kwa kitambaa akidhani sijui ni ya nani. Mwanzo mlima haukuonekana mbaya. Kona ya kwanza nilipita nimekaa, kona ya pili nimesimama kwenye pedali. Kuanzia hapo nikawa napanda kwa kukata barabara huku na huku, kama ng'ombe anayekataa kwenda josho. Kokoto zilikimbia chini ya tairi. Lori likinipita lilikwenda polepole sana, moshi wote ukaniishia mimi. Dereva mmoja alitoa kichwa akaniambia nishike mnyororo wa nyuma anivute, nikakataa kwa kidole maana pumzi ya kusema sikuwa nayo. Jasho liliingia machoni. Moyo niliusikia masikioni, kisha kwenye meno.

Kisha nikaiona kona ile. Ina miamba mitatu upande wa juu na mkwaju mmoja uliopinda. Nilijua nitaikuta, nimeiota miaka yote hii. Nikajiambia pita, Shigela, pita hapa tu, mbele utakufa kwa raha. Nikasimama kwenye pedali kwa uzito wangu wote. Baiskeli ikasimama. Sikushuka, Ngusa, nilianguka kama gunia, chupa ya samli tu ndiyo niliyoikumbatia. Haikuvunjika.

Nikakaa kwenye jiwe. Na sasa neno lenyewe naliandika, kwa kuwa hukunisubiri nilitamke.

Mwaka ule wa 1974, nilipofika kwenye kona hii nilikuwa wa kwanza. Nyuma yangu hapakuwa na mtu hata wa kumwona. Na pale pale miguu ilikataa. Wanawake watatu waliokuwa wanatoka kuchota maji walinitazama nikitetemeka juu ya baiskeli wakacheka. Nikaona nimekwisha. Nikiteremka nitakuwa mtu aliyeshuka, na nyumbani baba ameshachinja dume. Nikaingia nyuma ya miamba, nikalaza baiskeli, nikachukua jiwe. Mnyororo haukukatika, Ngusa. Niliukata mimi. Ulikuwa umeufunga vizuri mno, nilipiga mara saba ndipo ukaachia.

Halafu nikajificha pale pale nikawasikia wenzangu wakipita. Sikuwaona, nililala kifudifudi kwa aibu. Nilisikia baiskeli zao tu, tiki tiki tiki, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha. Sauti ile nimeisikia usingizini kwa miaka ishirini na mmoja. Lori la mashindano lilipokuja nikainua mnyororo juu nikasema fundi wangu hakuufunga vizuri. Ndivyo nilivyosema na nyumbani. Walipoanza kukusema nilinyamaza. Ulipofunga kisanduku chako cha spana na kuondoka, nilikuwa nimesimama mlangoni, na bado nikanyamaza.

Sasa sikiliza. Juzi pale kwenye jiwe nilipopata pumzi nikainuka. Kupanda siwezi, kurudi siwezi. Nikashika usukani nikaanza kukokota baiskeli. Hatua mbili, nikasikia tiki tiki tiki. Nikageuka nikidhani kuna mtu. Nikasimama, sauti ikasimama. Nikakokota, ikaanza. Ni friwili ya gurudumu langu la nyuma, ile inayolia mtu asipokanyaga pedali. Wewe fundi umeshaelewa. Mimi ilinichukua muda. Baiskeli inayopandwa mlimani hailii hivyo, huwa kimya. Inayolia ni ile inayokokotwa.

Nilikuwa nimeinama nalitazama gurudumu, nikasikia mama mmoja wa makamo, ana mzigo wa kuni kichwani, ananiuliza kama nimepoteza pesa. Nikamuuliza kama anakumbuka mashindano ya zamani, yaliyopita hapa. Akasema anakumbuka sana, alikuwa msichana, alikuwa anachota maji.

"Wote walikuwa wanakokota," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyepanda amekaa. Tulicheka mpaka mbavu. Mmoja wa mbele tu ndiye tuliyempoteza, tukasema labda fisi wamemla."

Nikamwambia hakuliwa.

Yaani hata aliyeshinda alikokota. Mlima huu kila mtu huukokota, watoto wa hapa wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Ni sisi wa tambarare, ambao hatujawahi kuona mlima, tuliodhani kushuka ni kufa. Ningekokota tu, Ngusa. Ningefika juu wa kwanza, tungekula lile dume pamoja, na wewe ungekuwa huko Ngulyati na wateja wako. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka yule mama akaongeza mwendo. Nilikokota saa nzima na zaidi. Sijawahi kujisikia mwepesi namna ile, hata nilipokuwa kijana. Nilikuwa nasikiliza ile tiki tiki tiki na kufurahi.

Nilifika kwako nikitembea, baiskeli mkononi, nikamkuta Felisita anapepeta. Akanitazama akasema, "Shemeji, mume wangu amekwenda kukuzuia."

Baada ya chakula nikaingia humu karakana nione unavyoishi. Ukutani kwenye msumari nikaona mnyororo wa zamani, umepakwa mafuta, hauna kutu. Felisita akasema ni wako, hakuna anayeruhusiwa kuugusa, na hajui kwa nini. Nikaushusha. Nikaona pale ulipoachia. Sahani za pembeni zimepondeka, na alama za jiwe ziko wazi kwa mtu yeyote anayejua chuma. Mnyororo uliofungwa vibaya huteleza kipini chake tu, haupondeki. Hata mimi mchambua pamba nimeliona hilo.

Ulijua. Tangu lini?

Naomba kitu kimoja. Barua hii isomwe uani kwa sauti, mbele ya Mayu, mbele ya Apolonia, na Masunga aitwe. Usiruke neno hata moja. Walikusema mbele za watu, basi na wewe usafishwe mbele za watu. Halafu unaweza kunikasirikia kadiri utakavyo. Nitangoja hapa mpaka nipate jibu lako.

Ndimi kaka yako,
Shigela


Ngulyati
29 Agosti 1995

Kaka Shigela,

Shikamoo. Mayu hajambo, Apolonia hajambo, Debora na mtoto hawajambo. Bati la nyumba ya Mayu umelipigilia vibaya upande wa magharibi, nimelirekebisha.

Nilifika tarehe nane jioni. Nilimkuta Mayu uani. Nilimsalimu na hakunitambua, kwa macho wala kwa sauti, maana sauti aliyoijua ilikuwa ya kijana. Akaomba mikono yangu. Akaishika, akaipeleka puani, akainusa kama anavyonusa maziwa. Kisha akaita jina langu. Hakuuliza nilikuwa wapi. Alimwambia Apolonia aongeze unga. Mimi nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.

Barua yangu ya kukuzuia ilifika siku nne baada yangu. Niliitiwa parokiani nikapewa barua yangu mwenyewe.

Yako ilifika Ijumaa. Jumapili baada ya misa watu walikusanyika, hata wasioitwa, maana habari kwamba mtoto wa pili wa Nyamizi amerudi ilikuwa imefika mpaka Nkoma. Nilisoma mwenyewe. Nilisoma vizuri mpaka kwenye kona ya miamba mitatu. Hapo nikaona Masunga amekaa mbele yangu, mzee, na lile koti, nikaona Apolonia ananitazama. Nikaruka. Nilikwenda moja kwa moja kwa yule mama wa kuni. Sikutaka uvuliwe nguo na wewe hupo.

Mayu akasema, "Rudi nyuma. Umeruka mahali."

Nikasema sijaruka.

"Sauti yako imeruka. Rudi, baba. Mwenye barua amesema usome, basi soma."

Nikarudi nikasoma yote. Hakuna aliyekohoa. Nilipomaliza Mayu aliuliza kitu kimoja tu.

"Mara saba?"

Nikamwambia ndivyo ulivyoandika, mara saba.

"Basi ulikuwa umeufunga kweli," akasema, akaanza kucheka, na machozi yakimtoka hivyo hivyo, na wanawake wote wakamfuata. Amesema ukirudi atakuchapa kwa ule mwiko mkubwa, halafu atakupikia. Apolonia anasema yeye ataanza na kukupikia.

Umeuliza nilijua tangu lini. Tangu siku ile ile lori lilipoishusha baiskeli. Niliushika mnyororo nikaona jiwe limeandika jina lako. Sikusema kwa sababu baba alikuwa ndani siku ya tatu hatoki. Alikuwa amepoteza dume na heshima, nikaona asipoteze na mtoto wake mkubwa. Mimi nilikuwa mdogo, nilidhani nitabeba mwezi mmoja hivi watasahau. Hawakusahau. Kwa miezi mitatu mizima hakuna aliyeniletea hata pancha.

Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Baba alipokufa telegramu ilichelewa, hilo ni kweli, lakini hata ingewahi sijui kama ningekuja. Miaka kama sita nilikuwa nautazama ule mnyororo na kukutukana kwa Kisukuma, na Felisita akidhani nasali. Baadaye hasira ikachoka yenyewe. Nikabaki naupaka mafuta tu kila mwaka, kama kazi nyingine. Jina zuri sikulitaka tena, huko Misigiri ninalo. Nilitaka useme. Na ulipoandika kwamba utalisema juu ya mlima, niliogopa kwamba moyo wako utapasuka kabla hujafika juu na nitabaki sijasikia. Ndiyo maana nikakimbilia basi. Sasa nimesikia, na nimelisoma kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimelala vizuri tangu Jumapili, kaka. Hata Mayu ameniambia nakoroma kama baba.

Kuhusu ile friwili, nilicheka sana. Ningeweza kukuambia siku ile ile, kama ungeniuliza.

Usinisubiri huko, mimi siondoki Ngulyati mpaka ufike. Njoo na Felisita, Mayu hajawahi kumshika mikono. Baiskeli ipandisheni juu ya basi. Ukikataa, maana nakujua, basi Sekenke uushuke ukikokota baiskeli, kushuka ni kubaya kuliko kupanda.

Jambo la mwisho. Jana Jumatatu asubuhi Masunga alikuja na baiskeli yake. Aliiegemeza ukutani, akavua lile koti, akalikunja, akakaa juu yake kusubiri. Nimeikagua. Tairi zinafaa, breki zinafaa, lakini mnyororo umelegea kabisa, haufai hata kukazwa, na madukani Bariadi sijapata wa ukubwa ule. Kwa hiyo ule wangu wa kwenye msumari usiuache. Nimeshaukagua mara nyingi, pingili iliyoharibika ni moja tu. Nitaitoa hiyo, zilizobaki bado nzima. Uje nao.

Mdogo wako,
Ngusa